Nia Iliyoandikwa: Historia ya Kerneli, Kompaila na Alama za Ukaguzi

Kila simu ya Android inayouzwa Kariakoo au River Road inaendeshwa na kerneli ya Linux, yaani kile kiini cha mfumo endeshi kinachogawa kumbukumbu, kuhudumia programu na kuwasiliana na vifaa. Kerneli hiyo ina zaidi ya mistari milioni 30 ya msimbo, na karibu yote imeandikwa kwa lugha ya C. Prosesa haijui C. Inayosoma msimbo wa binadamu na kutoa amri za mashine ni programu nyingine, kompaila. Kompaila ikielewa tofauti na alivyokusudia mwandishi, kerneli hubeba kasoro ambayo hakuna mtu aliyeiandika, na mwenye simu hana habari.

Historia hii ni ya watu waliojifunza kwa gharama kubwa kwamba nia ya mwandishi wa programu haifai kubaki kichwani mwake. Sharti iandikwe ndani ya msimbo wenyewe, tena kwa namna ambayo mashine inaweza kuikagua.

Murray Hill, 1969 hadi 1979

Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda Unix katika maabara za Bell huko Murray Hill, New Jersey, nchini Marekani. Mwanzoni iliandikwa kwa asembli, ambayo hufungamana na aina moja ya mashine. Ritchie akabuni C, na mwaka 1973 kerneli ya Unix ikaandikwa upya kwa lugha hiyo. Ulihitajika ujasiri, kwa maana wengi zama hizo waliamini kwamba mfumo endeshi ukiandikwa kwa lugha ya juu utakuwa mzito kupita kiasi.

C ya siku hizo iliachia uhuru mwingi mno. Kwenye PDP-11, mashine ya biti 16, namba kamili na kielekezi, yaani anwani ya mahali fulani katika kumbukumbu, vilikuwa na ukubwa mmoja. Waandishi walivichanganya, na kompaila haikuuliza kitu. Msimbo ulikwenda sawa kwa kuwa walioushika walikuwa wachache, wanaijua mashine yao na wanajuana wenyewe kwa wenyewe.

Mtihani ulikuja 1977, Ritchie na mwenzake Stephen Johnson walipoazimia kuihamishia Unix kwenye Interdata 8/32, mashine ya biti 32. Mwaka huohuo, upande wa pili wa dunia, Richard Miller wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, alikuwa akiihamishia kwenye Interdata 7/32. Mazoea yote ya PDP-11 yaliyokuwa yamejificha katika msimbo yakajitokeza mchana kweupe. Johnson akaandika kompaila ya C iliyo rahisi kuhamishika kutoka mashine moja hadi nyingine, kisha akaandika chombo cha pili alichokiita lint.

Lint haikutoa programu yoyote. Kazi yake ilikuwa kusoma msimbo na kuulalamikia: hapa umechanganya kielekezi na namba, funksheni hii umeiita kwa vigezo viwili ilhali katika faili lile inapokea vitatu, kigeu hiki umekitumia kabla hujakipa thamani. Johnson aliitenganisha na kompaila kwa makusudi. Mashine zilikuwa ndogo, kompaila ilitakiwa iwe na kasi, na ukali ukaachiwa chombo kinachoendeshwa mwandishi anapotaka kukaguliwa.

Ila chombo kikali hulalamika hata pasipo na kosa. Johnson akawapa waandishi njia ya kukijibu. Katika C kuna maelezo ambayo kompaila huyaruka, yaliyowekwa kwa ajili ya binadamu tu. Lint ilifundishwa kusoma baadhi yake. Ukiandika `/*NOTREACHED*/`, unatamka kwamba utekelezaji haufiki hapo kamwe. Ukiandika `/*ARGSUSED*/`, unasema: najua kigezo hiki hakitumiki, nimekiacha kwa kukusudia. Kwa kompaila hayo hayakuwa na maana yoyote. Kwa mkaguzi yalikuwa kauli ya mwandishi kuhusu nia yake. Lint ikatoka maabara pamoja na Toleo la 7 la Unix mwaka 1979, na desturi ya kuandika alama za ukaguzi ikaanza safari yake.

Kerneli iliyofunga ndoa na kompaila moja

Mwaka 1987 Richard Stallman alitoa GCC, kompaila huria ya mradi wa GNU. Miaka minne baadaye, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, akaitumia kujenga kerneli yake. Toleo la 0.01 la Linux lilitoka Septemba 1991, na tangu siku hiyo lilidai GCC, wala si kompaila nyingine. GCC ilikuwa na nyongeza zisizokuwemo katika kiwango rasmi cha C, hasa njia yake ya kupachika asembli katikati ya msimbo, na Torvalds alizitumia bila kujizuia. Makefile za mwanzo zilikuwa hata na chaguo la `-mstring-insns`, ambalo alikuwa ameliongeza mwenyewe katika nakala yake ya GCC. Kompaila ilikuwa imerekebishwa ili ikidhi haja ya kerneli moja, ya mtu mmoja.

Ndoa hiyo ilileta kasi, na matatizo yake yalionekana baadaye. Mwaka 1997 kundi la wataalamu lilijitenga na GCC na kuanzisha EGCS, na mwaka 1999 kazi yao ikakubaliwa kuwa GCC rasmi. Kompaila mpya ilikuwa hodari zaidi katika kuongeza kasi ya programu, na hodari zaidi katika kushika sheria. Kiwango cha C kinairuhusu kompaila kudhani kwamba vielekezi vya aina mbili tofauti haviangalii mahali pamoja katika kumbukumbu. Kerneli ilikuwa ikivunja dhana hiyo kila mara. Watunzaji wakalazimika kuongeza chaguo la `-fno-strict-aliasing`, linaloiamuru GCC isiitumie ruhusa hiyo, na chaguo hilo lipo mpaka leo.

Hofu ya kompaila mpya ilikuwa kubwa kiasi kwamba Red Hat Linux 7, ya mwaka 2000, ilikuja na kompaila mbili: moja kwa programu za kawaida, nyingine ya zamani, iliyoitwa kgcc, kwa ajili ya kujengea kerneli peke yake. Hapo watunzaji walianza kukusanya tofauti za kompaila mahali pamoja. Faili la `compiler.h` likawa mlango: msimbo wote wa kerneli unatumia makro, yaani majina yanayobadilishwa na msimbo mwingine kabla ya kutafsiriwa, zenye jina moja, na ndani ya faili hilo, pamoja na yale yaliyokuja kuongezwa kwa kila aina na toleo la kompaila, ndimo inamoamuliwa jina hilo litafsiriwe vipi. Mwandishi wa draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, hana haja ya kujua ni GCC ya mwaka gani itakayosoma kazi yake.

Kielekezi cha mgeni

Kiwango rasmi cha C hakiwezi kueleza jambo moja ambalo ni la kufa na kupona kwa kerneli. Programu ya kawaida inapoiomba kerneli isome faili, huikabidhi kielekezi: weka data hapa. Kielekezi hicho kimetoka kwa mgeni asiyeaminika. Kinaweza kuelekeza kwenye kumbukumbu ya programu yenyewe, ambayo ni halali, au kwenye kumbukumbu ya kerneli, ambayo ni shambulio. Kwa hiyo kerneli hairuhusiwi kukigusa moja kwa moja. Ni lazima ipitie funksheni maalumu kama `copy_to_user`, zinazohakiki anwani kwanza. Machoni pa kompaila, kielekezi cha mgeni na cha mwenyeji ni kitu kimoja. Mwandishi akisahau, msimbo unakubaliwa bila onyo lolote.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dawson Engler na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha ukubwa wa tatizo. Waliandika kanuni za kerneli kama maagizo kwa mkaguzi wa mashine, wakaukagua msimbo wa Linux bila kuuendesha, na wakaibua mamia ya kasoro halisi. Kutokana na utafiti huo ilizaliwa kampuni ya Coverity.

Torvalds alijibu kwa njia yake. Mwaka 2003 alianza kuandika sparse, mkaguzi mdogo wa msimbo wa C, na pamoja nayo akaleta alama ya `__user`. Kielekezi cha mgeni huandikwa na alama hiyo mbele yake. GCC inapokisoma, makro hugeuka kuwa tupu, na amri za mashine hazibadiliki hata moja. Sparse inapokisoma, huona aina tofauti kabisa ya kielekezi, na ikikuta mtu anakigusa moja kwa moja hupiga kelele. Ni kama lebo ya chupa ya dawa: haibadilishi kilichomo, lakini humzuia mtu asimnyweshe mtoto dawa ya kupaka.

Alama nyingine zikafuata. `__iomem` inatambulisha anwani za vifaa. `__le32` na `__be32` zinatambulisha mpangilio wa baiti. Itifaki za intaneti hutanguliza baiti kubwa, ilhali prosesa za Intel hutanguliza ndogo. Namba 1 ya biti 32 ikisomwa kwa mpangilio usio wake inageuka kuwa 16,777,216. Kosa hilo lilikuwa likitafutwa kwa siku nyingi. Baada ya alama kuwekwa, mkaguzi hulionyesha kwa jina la faili na namba ya mstari. Kazi ya kupita faili baada ya faili kuweka alama hizo ilikuwa ndefu na isiyo na sifa, na Al Viro aliifanya kwa wingi. Juu ya msingi wa sparse, Dan Carpenter alijenga Smatch, mkaguzi anayefuatilia mtiririko wa thamani ndani ya funksheni.

Microsoft nayo, kwa sababu zake, ilifika hapohapo. Bill Gates alitoa waraka wake wa usalama Januari 2002, na kampuni ikaanza kuweka katika msimbo wa Windows alama zinazoitwa SAL, zinazotamka kigezo kipi kinaingiza data, kipi kinatoa, na bafa ina ukubwa gani. Wapinzani wawili wa soko walifikia uamuzi mmoja: C peke yake haitoshi kubeba nia ya mwandishi.

Mistari miwili ya mwaka 2009

Julai 2009 Brad Spengler alichapisha shambulio dhidi ya kerneli ya Linux 2.6.30. Kasoro ilikuwa katika draiva ya tun, inayotumika kutengeneza mitandao pepe, ndani ya funksheni iitwayo `tun_chr_poll`. Mistari miwili ndiyo inayotuhusu. Wa kwanza ulichukua thamani kutoka ndani ya muundo unaoelekezwa na `tun` na kuiweka katika kigeu. Wa pili uliuliza: je, `tun` ni kielekezi tupu? Kama ndiyo, rudisha kosa.

Binadamu akisoma ataona kosa la mpangilio: swali limeulizwa baada ya tendo. Lakini angalau swali lipo. GCC haikuona hivyo. Kwa mujibu wa kiwango cha C, kufuata kielekezi tupu ni tendo lisilo na maana iliyowekwa, na kompaila inaruhusiwa kudhani kwamba halitokei. Mstari wa kwanza umekwisha kukifuata kielekezi. Basi si tupu. Basi swali la mstari wa pili halina kazi. GCC ikaliondoa. Katika msimbo wa C ulinzi ulionekana, na katika amri za mashine haukuwepo.

Ikabaki kazi ya mshambuliaji: kuweka kumbukumbu yake kwenye anwani ya sufuri, ili kerneli ikifuata kielekezi tupu ikute data aliyoipanga yeye. Kulikuwa na kinga ya kuzuia hilo, na Spengler akapata njia ya kuizunguka. Mwisho wake ulikuwa mamlaka kamili juu ya mashine.

Marekebisho yalikuwa mawili. Mistari ilipangwa upya, swali likatangulia. Kisha kerneli nzima ikaanza kujengwa kwa `-fno-delete-null-pointer-checks`, amri inayoikataza GCC kufuta maswali ya aina hiyo. Kompaila haikuwa na kasoro, ilifuata sheria. Mwandishi naye alikuwa na nia njema. Pengo lilikuwa kati yao.

Hatari nyingine ilikuwa imeonekana mwaka mmoja kabla. Mei 2008 Luciano Bello aligundua kwamba funguo za siri zilizotengenezwa kwenye Debian, mojawapo ya mifumo inayotumia Linux, zilikuwa zikikisika. Mwaka 2006, ili kunyamazisha maonyo ya chombo cha ukaguzi kuhusu kumbukumbu isiyopewa thamani, mistari miwili ilikuwa imeondolewa katika OpenSSL, maktaba iliyotumika kutengeneza funguo hizo. Mmojawapo ndio ulioingiza data yote ya nasibu katika kutengeneza funguo. Kilichobaki ni namba ya mchakato, yenye uwezekano usiozidi 32,768. Onyo lilinyamazishwa kabla halijaeleweka, na kwa karibu miaka miwili watu walifunga milango kwa funguo zinazoweza kuhesabiwa.

Kompaila ya pili

Wakati huo mshindani wa GCC alikuwa akikua. Chris Lattner alianza LLVM katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000, na mwaka 2007 Apple ikatoa Clang, kompaila ya C iliyojengwa juu yake. FreeBSD, iliyokuwa imebaki na GCC 4.2.1 kwa kutokubaliana na leseni mpya ya GPL, iliifanya Clang kuwa kompaila yake ya kawaida katika toleo la 10.0 la Januari 2014.

Kwa Linux safari ilikuwa ngumu zaidi, maana ile ndoa ya 1991 ilikuwa imetapakaa katika msimbo wote. Mradi wa LLVMLinux, ulioongozwa na Behan Webster, ulikuta nyongeza za GCC ambazo Clang ilikataa kuziunga mkono, kama safu za ukubwa usiojulikana zilizowekwa ndani ya miundo. Iliwabidi kuziondoa moja moja na kuwashawishi watunzaji wa kila sehemu. Mwaka 2017 simu ya Google Pixel 2 iliuzwa ikiwa na kerneli iliyojengwa kwa Clang. Mwaka uliofuata kerneli ya 4.17 ikaanza kudai `asm goto` kwenye mashine za x86, jambo ambalo Clang haikuwa nalo, na ujenzi ukakwama hadi LLVM 9 ilipotoka mwaka 2019. Mwaka huohuo wa 2018 kampeni iliyosukumwa na Kees Cook ilimaliza kuondoa safu za ukubwa usiojulikana katika kerneli nzima, na Miguel Ojeda akapanga alama za kompaila katika faili moja linaloiuliza kompaila “je, unaijua alama hii?” badala ya kukisia kwa namba ya toleo.

Faida ya kompaila ya pili inaonekana vizuri katika kisa cha `switch`. Katika C, kipande cha `case` kisipofungwa kwa `break`, utekelezaji huteleza hadi kipande kinachofuata. Mara nyingine mwandishi amekusudia. Mara nyingine amesahau. Kwa miaka mingi waliokusudia waliandika maelezo kwa Kiingereza cha kawaida, desturi iliyorithiwa kutoka zama za lint. GCC 7, ya mwaka 2017, ilianza kuonya juu ya mtelezo wowote usio na maelezo hayo. Gustavo A. R. Silva akapitia kerneli, mtelezo mmoja baada ya mwingine, akiamua kila mara: hapa ni nia au ni usahaulifu? Baadhi zilikuwa kasoro halisi zilizokaa miaka. Onyo likawashwa kwa kila mtu katika toleo la 5.3 mwaka 2019. Lakini Clang haisomi maelezo. Ndipo ikaja `fallthrough`, makro inayogeuka kuwa alama rasmi ambayo kompaila zote mbili zinaielewa. Kauli iliyokuwa ya binadamu kwa binadamu ikawa sehemu ya msimbo.

Kutoka hapo mambo yalikwenda kasi. Septemba 2021 Torvalds aliamuru kila onyo la kompaila lihesabiwe kosa linalosimamisha ujenzi. Malalamiko yalikuwa makubwa, na amri ikalegezwa kwa wajenzi wa kawaida, lakini ujumbe ulifika. Mwaka 2022 toleo la 5.18 likaacha C ya 1989 na kuhamia ile ya 2011. Mwaka 2023 toleo la 6.6 likaleta `__counted_by`, alama inayotamka kwamba urefu wa safu hii umehifadhiwa katika kigeu kile, ili mipaka yake iweze kukaguliwa. Wakati huo hapakuwa na toleo rasmi la kompaila lililoielewa. Clang 18 ilikuja nayo 2024, GCC 15 ikafuata 2025. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja alibandika chaguo lake katika kompaila yake. Miaka thelathini na kitu baadaye, kompaila mbili zinazoshindana zilikubali kujifunza kauli moja iliyoombwa na kerneli.

Funzo kwa wanaoandika

Kazi hii haina makofi. Mtu anayeongeza `__user` katika faili la draiva hauzi bidhaa mpya, na simu haiendi kasi zaidi kwa ajili yake. Hata hivyo, kazi hiyo ndiyo iliyowezesha msimbo ulioanzishwa na mtu mmoja kupita mikononi mwa maelfu ya watu, kubadilisha kompaila na kubadilisha kiwango cha lugha, bila kupoteza kile ambacho waandishi wa mwanzo walikikusudia. Mwandishi huhama na husahau. Alama aliyoiandika hubaki, na hukaguliwa kila kerneli inapojengwa kwa ukaguzi.

Kwa walimu wa programu katika vyuo vyetu, na kwa vijana wanaoandika mifumo ya malipo, ya hospitali na ya serikali, ombi ni hili: washeni maonyo yote ya kompaila tangu siku ya kwanza ya mradi, jengeni kwa kompaila zaidi ya moja inapowezekana, na kila dhana mnayoitegemea iandikeni mahali ambapo mashine itaikagua. Na onyo msilolielewa msilinyamazishe kabla hamjajua linasema nini.